Dar hadi Lushoto, Lushoto hadi Mtae: namna ya kuipanda Usambara kwa gari na kwa miguu

Ukimuuliza mwenyeji wa Lushoto kijiji fulani kiko umbali gani, hatakutajia kilomita. Atakuonyesha kwa kidevu na kusema, "Hapo tu, saa moja." Saa moja yake ni saa mbili zako wewe uliyezoea tambarare za Kigamboni. Nilichelewa kulielewa hilo, na ndiyo maana safari yangu ya kwanza niliipangia siku mbili, nikafika usiku, nikaona ukungu, nikarudi. Siku hizi naipangia siku nne, na yote ninayoyaandika hapa yanatokana na kosa lile: milima ya Usambara hupimwa kwa saa, si kwa kilomita.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Masika, yaani Machi hadi Mei, usiende. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Soni imechongwa ubavuni mwa mlima, na mvua ikikolea, udongo na mawe hushuka barabarani. Kuna siku magari hulala njiani yakisubiri greda. Njia za misituni nazo huwa sabuni tupu.

Juni hadi Agosti ni kukavu ila kuna baridi ya kweli, na asubuhi ukungu hukaa mpaka saa nne. Mvua za vuli huanza kuingia Oktoba na kuendelea mpaka Desemba, si za kukesha lakini zinatosha kukulowesha katikati ya msitu. Mimi napenda Januari na Februari. Kunapoa bila kutetemesha, na matunda yapo: plamu, mapichesi, peasi, na yale matunda damu ambayo Dar utayauziwa kama dhahabu.

Hatua ya pili: gari

Huhitaji gari kubwa. Lami imefika Lushoto mjini, na IST hupanda kila siku zikiwa na abiria watano na gunia la viazi. Gari kubwa utalihitaji ukitaka kuendelea mpaka kijiji cha Mtae, tena hasa wakati wa mvua. Kinachohitajika kwenye gari lolote ni vitu vinne, na nitavitaja kwa mpangilio wa umuhimu kama ninavyouona.

Breki kwanza. Mwambie fundi afungue matairi yote manne aone pedi zimebaki kiasi gani, asikuangalizie kwa nje na kusema "ziko poa bosi". Mafuta ya breki kama yamekuwa meusi, yabadilishwe. Pili, rejeta na mipira yake, maana gari litapanda kwa gia nzito kwa karibu saa nzima, na mpira uliochoka huchagua saa hiyo hiyo kupasuka. Tatu, matairi pamoja na spea. Ikague spea yenyewe kama ina upepo, na jeki kama inapanda. Nne, taa, za ukungu zikiwemo kama gari linazo.

Vitu vya trafiki unavijua: triango mbili, mtungi wa kuzimia moto, bima, leseni. Viweke karibu. Kati ya Chalinze na Mombo utasimamishwa mara kadhaa, na kutafuta mtungi chini ya mabegi ya watoto ni aibu isiyo ya lazima.

Asiye na gari asikate tamaa. Yapo mabasi ya moja kwa moja ya Lushoto kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi. Au panda lolote la Moshi na Arusha, ushuke Mombo, umalizie kwa Noah au Kosta. Ukipanda za Mombo, omba kiti cha upande wa bondeni kama una moyo, na wa mlimani kama huna.

Hatua ya tatu: toka Dar kabla ya jogoo

Saa kumi na moja alfajiri uwe umeshapita Kibaha. Si kwa sababu ya umbali; mpaka Mombo ni kilomita mia tatu na ushee. Ni kwa sababu ya malori, na kwa sababu kila kijiji kina kibao cha 50. Tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, zinafichwa vizuri, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Ukiona kibao cha 50, shuka mpaka 50, usishuke mpaka 58 ukijiambia hawatajali.

Kuna njia mbili za kutokea. Ya Morogoro mpaka Chalinze kisha kulia, ndiyo ya mazoea. Ya pili ni kupitia Bagamoyo hadi Msata, ambako utaungana na barabara ile ile ya kwenda Segera. Ya Bagamoyo haikupunguzii kilomita za kutamba nazo, lakini inakukwepesha foleni ya malori ya kuelekea bara. Wakazi wa Tegeta, Bunju na Mbweni hawana sababu ya kwenda Chalinze kabisa.

Baada ya Msata utavuka Wami kwa daraja jipya, lile jembamba la zamani utaliona pembeni. Hapo ndipo mwili unapaswa kupumzika kidogo. Mimi husubiri mpaka Michungwani, jina linajieleza, nanunua machungwa ya kumenyewa na kumpa dereva mwenzangu usukani. Segera ni njia panda: kulia Tanga, kushoto Korogwe. Usipitilize ukiwa unapiga hadithi. Shemeji yangu aliwahi kufika karibu na Muheza akishangaa milima imehamia wapi.

Kuanzia Korogwe milima inakaa kulia kwako, na kushoto na kulia ni mkonge, safu kwa safu. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893 kutoka Florida, miche elfu moja, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Watoto wakiuliza "bado sana?", wape hesabu hiyo waifanyie kazi.

Hatua ya nne: simama Mombo

Fika Mombo kabla ya saa nane mchana. Hii ndiyo kanuni pekee katika mwongozo huu ambayo siipunguzi. Ukifika saa kumi na mbili jioni, lala Mombo. Mimi ile mara ya kwanza sikulala. Nilipanda na giza, ukungu ukashuka nikiwa sijafika Soni, nikawa naendesha kwa kufuata taa nyekundu za Kosta iliyokuwa mbele yangu. Kosta ikasimama kushusha abiria, na mimi nikasimama. Hiyo siyo kutalii.

Mombo kuna joto. Kula hapo, jaza mafuta hapo, angalia maji ya rejeta gari likiwa limepoa. Kisha toa masweta kwenye buti uyaweke kiti cha nyuma. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400, na kwa kila mita elfu moja unazopanda hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Watu huvua mashati Mombo na kuanza kukohoa Soni.

Hatua ya tano: panda

Kilomita 33 tu. Zitakula saa nzima, na zikikula mbili umefanya vizuri zaidi.

Barabara hii ilichongwa enzi za Wajerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, na upana wake bado una kumbukumbu ya magari ya wakati ule. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde lenye mto unaosikika kabla hujauona. Sheria za wazoefu ni hizi. Piga honi kabla ya kila kona usiyoona mwisho wake, honi fupi, na usikilize kama kuna anayejibu. Anayepanda ndiye wa kuachiwa njia, anayeshuka asimame. Usipite gari kwa sababu dereva wa nyuma anakuwashia taa. Basi likikukaribia kwa nyuma, tafuta upenyo, simama, lipite. Dereva wake anaipanda barabara hii kila siku ya Mungu, wewe umekuja kuangalia.

Na uangalie basi. Hili watu hulikosa: wanakimbilia Lushoto kama vile uzuri umewekwa huko kwenye ghala. Sehemu nzuri kuliko zote kwenye safari nzima, kwa macho yangu, ni hizi kilomita kati ya Mombo na Soni, hasa jua la saa tisa linapopiga ule mwamba wa upande wa pili. Yapo maeneo mapana ya kuegesha. Egesha, washa taa za tahadhari, weka jiwe nyuma ya tairi, shuka. Soni kuna maporomoko ya maji yanayoonekana ukiwa barabarani, na kuna akina mama wenye ndoo za matunda. Nunua kwa mama wa mwisho kwenye mstari. Magari mengi humruka.

Hatua ya sita: siku ya pili, Irente kama mazoezi

Lala Lushoto mjini. Zipo nyumba za wageni za kila mfuko, na ukiweza chagua yenye maji ya moto ya uhakika. Uliza swali hilo kabla ya kuuliza kuhusu televisheni.

Asubuhi nenda Irente kwa miguu. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini, saa moja na nusu kwa mtu asiyekimbia, na njia inapita vijijini katikati ya migomba, maharage na miparachichi. Mwendo huu ni kipimo. Kama magoti yanalalamika hapa, Mtae kwa miguu usijidanganye, utakwenda kwa gari.

Kabla hujafika kileleni kuna shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, ambako wanauza mkate, jibini na jemu. Nunua wakati wa kwenda, ule ukifika. Halafu ghafla ardhi inaisha. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyochorwa kwa rula, barabara uliyopita jana, na reli ambayo ilifika Mombo mwaka 1905. Ng'ambo ni nyika ya Wamasai mpaka macho yanapochoka.

Usitegemee uzio. Mtoto ashikwe mkono, si kuambiwa "kaa mbali". Anayetaka kupiga picha ya kujirusha aipige kwenye kichuguu nyumbani kwao. Ukitaka jua la kuzama, ni zuri mno kwa kuwa mwamba unaelekea magharibi, lakini beba tochi ya kurudia. Ile ya simu haitoshi, na chaji utakuwa umeimaliza kwa picha.

Hatua ya saba: msitu wa Magamba

Magamba ni msitu wa hifadhi asilia, kaskazini mwa mji, unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo, na raia wa Tanzania hulipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Mwongoza njia chukua, hata kama ulikuwa skauti. Patana naye bei kamili kabla ya kuondoka: ni ya mtu au ya kundi, chakula chake kimo au hakimo, kiingilio kimo au hakimo. Mimi niliwahi kupatana "kila kitu kimo" na mtu aliyenikuta stendi, na tulipofika getini ikaonekana kila kitu hakimo. Tangu hapo naomba risiti na namlipa mwongozaji nusu mwanzo, nusu tukirudi.

Viatu: raba zenye meno. Buti za mtumba wa Ilala zinafaa kabisa, ila uwe umezivaa wiki mbili kabla. Kiatu kigeni na mlima ni ndoa ya malengelenge. Suruali ndefu, na miguu yake uichomeke ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu na majani yanayowasha. Koti la mvua hata jua likiwaka. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, mayai ya kuchemsha, chapati za jana, ndizi.

Ndani ya msitu tembea polepole na mnyamaze. Mbega weusi kwa weupe husikia gumzo lenu kabla hamjawaona, na wakishahama hawarudi kuwasabahi. Juu kabisa kilele cha Magamba kinafika kama mita 2,230, na mawingu hupita katikati ya miti kama moshi wa jikoni.

Usiku, rudi na huyo mwongozaji mkatafute vinyonga kwa tochi. Kinyonga akilala hugeuka rangi ya kupauka, na mwanga ukimpiga anang'aa juu ya jani jeusi. Mtoto wa miaka sita atawaona wengi kuliko wewe. Milima hii ina vinyonga wenye pembe wasiopatikana kwingine, na wanasayansi walipowatenga katika jenasi yao mwaka 2006 waliipa jina Kinyongia. Kiswahili chetu hicho, kimeingia kwenye vitabu vya Kilatini. Msiwashike, msiwatoe kwenye tawi kwa ajili ya picha.

Hatua ya nane: Mtae

Hapa kuna njia mbili, na zote zinahitaji uamuzi wa mapema.

Kwa gari, ni zaidi ya kilomita 60 kutoka Lushoto, sehemu kubwa ni vumbi. Hesabu saa tatu. Jaza mafuta Lushoto, maana mbele utauziwa kwa chupa. Pita Lukozi, uone malori yakipakia kabichi na karoti za kwenda Kariakoo, na utaelewa kwa nini bei ya Dar hupanda barabara ikiharibika.

Kwa miguu ni siku tatu: Lushoto hadi Lukozi kwa kukata msitu wa Magamba, Lukozi hadi Rangwi ambako masista hupokea wageni, Rangwi hadi Mtae. Kila siku ni saa tano hadi saba za kupanda na kushuka. Ukichagua hii, gari libaki Lushoto mahali penye mlinzi, na siku nne ziongeze ziwe sita. Kurudi ni kwa basi, na basi la Mtae huondoka alfajiri kukiwa bado giza. Jioni yake mtafute kondakta umwambie umelala wapi.

Njia hii inapita mashambani mwa watu, karibu na milango yao. Salimia. Shikamoo haijawahi kumchelewesha mtu, na ukiongeza "onga mshi" ya Kisambaa mchana, utajibiwa "niwedi" kwa kicheko na huenda ukaitwa ndani. Kushukuru ni "hongea". Usikanyage matuta ya karoti ili kufupisha kona. Vaa nguo ya heshima, milima hii ina misikiti na makanisa kila kilima. Watoto wakiomba pipi, wape salamu na mazungumzo. Ukitaka kuchangia, mwone mwalimu mkuu wa shule.

Mtae wenyewe ni mgongo wa mlima uliochongoka ukachomoza nje, nyumba zimeupanda pande zote. Bibi mmoja aliyetuuzia chai alituambia, "Wajukuu zangu, hapa nguo zikidondoka kwenye kamba mnazifuata Mkomazi." Ndiko inakoangalia: mbuga ya Mkomazi iko chini kabisa, milima ya Upare mbele, na anga likiwa safi asubuhi, Kilimanjaro. Amka saa kumi na moja na nusu. Saa mbili mawingu yamejaa.

Hatua ya tisa: kushuka

Watu hujiandaa kupanda wakasahau kwamba ajali nyingi za mlimani ni za kushukia. Kushuka kutoka Lushoto, tumia gia ile ile ambayo ungetumia kupanda. Gari la manyo, gia ya pili. Gari la automatiki, toa kwenye D uweke 2 au L, au bonyeza kile kitufe cha O/D, cha kuzuia gia ya juu kabisa, ambacho wenye Toyota wengi hawajui kazi yake. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, ziache zipumue. Usizikanyage kidogo kidogo njia nzima. Ukisikia harufu kama ya mpira ulioungua, hizo ni breki zako. Simama, subiri nusu saa, usizimwagie maji.

Hatua ya kumi: andika kabla hujasahau

Ukirudi utaulizwa na kila mtu ofisini, na picha hazimsaidii anayetaka kwenda. "Pazuri sana, nenda" si taarifa. Kinachomsaidia ni mwezi uliokwenda, gari ulilotumia, muda wa kila kipande, wapi barabara imekatika, nani alikulaza vizuri, na ulikosea wapi. Hasa hilo la mwisho. Watu huliruka kwa sababu wanalionea haya. Jina la mwongozaji mzuri na namba yake usizianike hadharani bila kumwomba, mpe anayekuuliza ana kwa ana. Na kiota cha ndege au mti wenye vinyonga wengi usitaje mahali pake kabisa.

Mimi naandika kwenye daftari dogo linalokaa kwenye dashibodi, mistari michache kila tukisimama. Ya Februari iliyopita inasomeka hivi:

Msata, saa 1:40 asubuhi. Chai, maandazi magumu. Michungwani, 3:30, machungwa. Mombo, 5:50, joto, gari limepoa nusu saa. Kona ya tatu baada ya kibao cha maporomoko, mawe madogo upande wa kushoto, pita katikati. Soni, 7:35, tumekaa sana, hakuna anayelalamika. Plamu za mama wa mwisho, ndoo mbili. Moja imeisha kabla ya Lushoto.